Kiazi Chenye Uzi Moyoni

Huangzhuang, wilaya ya Wen
Mwezi wa kumi kwa kalenda ya wazee, mwaka wa Panya, jalidi ya kwanza imeshaanguka

Qiuyan,

Huna haya. Ningeanza kwa salamu kama watu wenye adabu, lakini salamu hupewa mtu, na mtu anayeuza takataka kwa jina la bibi yake sijui nimwite nani.

Ndani ya bahasha hii kuna kipande cheupe. Kitoe. Kiweke juu ya meza yako hapo sokoni, mahali ulipotundika ubao ulioandikwa "Viazi dawa vya Niu wa Huangzhuang, udongo mgumu". Kitazame vizuri. Unakijua, maana kimetoka kwako.

Kimenirudia kwa Bibi Geng. Huyo Geng aliyehamia huko Guangzhou kwa mwanawe, aliyekuwa akikufunga kamba za viatu ulipokuwa huwezi. Tangu apasuliwe tumbo hapokei kitu ila uji wa mtama wenye kiazi chetu. Majira ya baridi yaliyopita alijikokota hadi soko la dawa, akaliona jina langu, moyo ukamfurahi, akanunua furushi zima hata bila kunusa. Wewe hukuwepo, alikuwepo kijana wa meza ya pili anayekushikia. Akala kidogo kidogo. Tumbo likamjaa upepo kama ndama aliyeingia shamba la maharage. Mpwa wake alipokuja huku kwa mavuno akanipa kilichobaki, na maneno haya: "Shangazi anauliza, dada Niu, siku hizi viazi vyako vina uzi?"

Uzi! Nilimwambia kijana aondoke kabla sijamtia ufagio. Kisha nikakivunja kwa meno yangu haya machache. Kina uzi. Uko katikati, mgumu, kama utambi wa mshumaa.

Qiuyan, kiazi chetu hakina uzi. Mtoto wa hapa anajua hivyo kabla hajajua jina la baba yake. Ukikitafuna kinakunata menoni mpaka ukisukume kwa ulimi. Hiki kinavunjika kama chaki, kisha kinaacha utamu wa kijinga mdomoni, kama mtu anayecheka bila kuchekeshwa.

Na tangu lini nyumba hii ikakata vipande? Tunamenya, tunaanika, tunalowesha tena, tunaviringisha kwa ubao wa marehemu babu yako mpaka kila kiazi kiwe fimbo. Ubao una ufa, na kila fimbo inatoka na mstari mwembamba kama unywele unaoizunguka. Watu walimwambia babu yako anunue ubao mpya, akasema, "Huo ufa ndio sahihi yangu, mimi sijui kuandika." Fimbo zake nilikupelekea gunia zima. Umezipeleka wapi? Umemuuzia nani, halafu ukajaza meza hivi vijiti vya maskini?

Mama yako alipofariki nilikubeba mgongoni nikimenya viazi. Utomvu ukiniwasha hadi viwikoni, wewe ulikuwa unanipulizia mikono kwa mdomo wako wa maziwa. Nilidhani nalea mtu.

Lile shamba letu la pili la udongo mgumu linamaliza mapumziko yake masika yajayo. Limelala tangu ulipokuwa ukivaa skafu nyekundu ya shule, halikuguswa na kiazi hata kimoja, kama inavyotakiwa, maana kiazi hiki hakirudii udongo ule ule mpaka miaka mingi ipite. Nilikuwekea wewe. Baba yako hajui kuchimba, anajua kuegemea sepetu. Sasa nijibu, na uandike herufi kubwa. Zangu zimepinda kama viazi vya udongo mgumu, darasa la ngumbaru halikuninyoosha, lakini zinasema kweli.

Bibi yako (bado),
Niu Cui'e

*

Guangzhou
2 Desemba 1996

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifika pamoja na kile kipande. Nimekiweka mezani kama ulivyoniambia na nimekitazama.

Sina la kujitetea. Kosa ni langu. Waliouziwa wameuziwa na mimi, na Bibi Geng ameumwa kwa ajili yangu. Nimekwenda kwake nikapiga magoti. Akanigonga kichwani kwa kijiko, kisha akanipa chai, kwa hiyo nadhani amenisamehe nusu. Ubao wenye jina lako nimeushusha. Hautapanda tena mpaka wewe mwenyewe useme.

Bibi, nakuomba tusiendelee kulisema hili. Usimwulize baba, wala jirani yeyote. Lililotokea limetokea, na mimi ndiye niliyelibeba.

Ila ombi moja. Mwaka ujao usichimbe. Najua mtaro wa kiazi ulivyo, unaingia mpaka kifuani, na mgongo wako si ule wa zamani. Mtu akizeeka ana haki ya kutafuta njia nyepesi. Hata kama mambo hayakwenda ulivyotaka, hakuna atakayekulaumu. Mimi sitakulaumu kamwe.

Mikono yako bado inawasha ukimenya? Pitisha kwenye joto la moto, usiikune.

Mjukuu wako,
Qiuyan

*

Huangzhuang
Mwezi wa kumi na moja, kumekucha theluji

We Qiuyan,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea kama kitambaa cha jikoni. Kukiri umekiri. Nilikuwa nimejitayarisha kwa uongo, nikaandaa na majibu ya uongo, kumbe unakiri upesi kama mtu anayelipa nauli ashuke. Basi, nikaona hapo pana angalau chembe ya malezi yangu.

Halafu nikafika kwenye lile neno. "Hakuna atakayekulaumu."

Nilaumiwe mimi? Kwa lipi? Wewe ndiye umemvimbisha Geng tumbo, halafu unanisamehe mimi! Na "njia nyepesi". Nani hapa ametafuta njia nyepesi? Majira yale nilisimama kwenye mtaro ardhi ikinifika kifuani, nikilala ubavu kukwangua udongo kuzunguka kila kiazi, maana ukikivuta kinakatika, na kikikatika ni chakula cha nguruwe. Udongo ule mgumu unakupa kiazi chembamba, kilichopinda, chenye mabaka ya kutu. Wale wa mchangani kando ya mto viazi vyao vimenyooka kama vijiti vya kulia, vinateleza vyenyewe kutoka ardhini, na ndani ni maji matupu. Nilichimba chetu. Nikaviringisha mwenyewe. Gunia nikalishona mwenyewe, na unajua kwa uzi gani? Skafu yako nyekundu ya shule. Imechakaa, sikutaka kuitupa, nikawa nachomoa uzi mmoja mmoja. Nikasema akifungua kule mbali ataujua. Baba yako ndiye aliyekuwa ameshika mdomo wa gunia nikishona, ndiye aliyelipeleka stesheni kwa baiskeli. Muulize kama nililala!

Hukutaja hata huo uzi. Nilingoja uutaje, majira mawili mazima.

Nilimsomea baba yako barua yako, ingawa ulikataza. Wewe si wa kunikataza. Alisikiliza akiwa ameinamia bakuli, akasema, "Mama, nilikuambia mji unaharibu watu."

"Uliniambia lini?"

"Nilitaka kukuambia."

"Ulitaka! Wewe ukitaka jambo hata kuku hastuki."

Hakucheka. Akasema tu, kwa upole ambao nilidhani ni huruma, "Sasa shamba utampa nani, Mama?" Akaniambia kuna Bwana Shang, mfanyabiashara wa mjini, anajali sana udongo mgumu, anataka kulikodi. Yeye ataleta vijana wa kuchimba, mimi nikae nitazame. Anakuja sikukuu ya mwaka mpya na karatasi, nami niweke dole gumba.

Nimesema aje. Basi umesikia. Shamba lililokungoja tangu uko mtoto linakwenda kwa mtu baki, na aliyelitoa ni wewe. Ule ubao wenye jina langu niletee. Ukishindwa kuuleta, uufanye kuni uchemshie chai.

Niu Cui'e

*

Huangzhuang
12 Januari 1997

Mwanangu Qiuyan,

Usishtuke kuona mwandiko wa baba yako. Najua siandiki mara kwa mara.

Barua uliyomwandikia bibi yako mwisho wa Desemba nimeifungua mimi. Ninapochukua barua dukani huwa nampelekea zilizofungwa, hiyo ilikuwa nzito, nikahisi jambo. Afadhali niliyeisoma ni mimi. Angeisoma yeye, leo tungekuwa tunatafuta mbao za jeneza.

Ni kweli. Ulichofungua si gunia alilolishona. Sasa nisikilize kabla hujanihukumu. Bwana Shang alionja fimbo za mama, akasema, "Baotang, hizi kuziweka kwenye meza ya soko ni sawa na kumfunga farasi mzuri kwenye jiwe la kusagia." Yeye anazitia kwenye masanduku ya zawadi yenye kitambaa cha manjano, zinakwenda kwa wakubwa. Akachukua gunia la mama, akanipa gunia lingine la vipande. Akasema kusini hawajui tofauti. Nilidhani ni viazi vya mchangani tu. Naapa sikujua ni muhogo! Huku kwetu nani amewahi kuuona muhogo? Wewe ndiye unaniambia unatoka huko huko kusini. Kumbe ulipanda treni ukaja, ukapanda treni ukarudi. Ungekuwa mtu tungesema ana jamaa pande zote.

Vigae vipya vya chumba cha bibi yako unadhani vimetoka wapi? Mvua ilikuwa inamdondokea juu ya mto wa kulalia. Sasa amelala pakavu, na kila siku ananisifu. Je, nimfanyie nini, nimwambie?

Ninachokuomba ni kidogo. Lawama umeshazibeba mwenyewe, tena kwa hiari, na mzigo ulioko kichwani tayari haulemei kama wa kutwikwa upya. Ubebe bado kidogo. Bwana Shang anakuja siku ya tatu ya mwaka mpya. Mama akishaweka dole gumba, hatachimba tena, mgongo wake utapona, na mimi nitamweleza yote taratibu siku akiwa ameshiba.

Usiandike tena kuhusu hili. Ukiandika nitaifungua tena.

Baba yako,
Miao Baotang

*

Guangzhou
27 Januari 1997
Kwa mkono wa Bibi Geng

Bibi,

Barua hii haipiti dukani. Bibi Geng anakuja kula mwaka mpya huko, ameishona ndani ya koti lake, na ameapa hampi mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilikuandikia, haikukufika. Sitasema ilikwama wapi. Nitakuambia tu ninachokijua kwa macho yangu.

Gunia la kwanza ulilonitumia, la mwaka uliotangulia, lilikuwa na uzi mwekundu. Niliujua, Bibi. Niliukunja nikauweka ndani ya kifuko cha kitambulisho changu, na sikukuambia kwa sababu kila nikianza kuuandika nilikuwa nalia. Gunia la majira ya baridi yaliyofuata, hilo alilonunua Bibi Geng, lilikuwa na uzi mweupe wa mashine. Ndani mlikuwa vipande, si fimbo. Nikasema, Bibi amechoka kuviringisha. Nikaanza kuuza. Siku chache baadaye mwanamke wa meza ya jirani, mtu wa Guangxi, alipita akaokota kimoja, akacheka mpaka akashika nguzo. "Dada, haya ni makopa! Muhogo huu! Kwetu tunawapa nguruwe, wewe unauza kwa bei ya dawa?"

Nilifunga gunia siku hiyo hiyo. Liko chini ya kitanda changu. Tangu hapo sina meza, Bibi. Naosha vyombo kwenye mkahawa wa supu. Sikukuandikia kwa sababu gunia lilikuja kwa jina lako, kutoka nyumbani kwako, na mimi nikaamini kwamba limetoka mikononi mwako. Nikadhani mgongo umekushinda, umeona aibu kusema, ukanunua kwa mtu ukanitumia.

Kosa nililokiri si langu. Nilikiri kwa kuwa nilidhani ni lako.

Lakini ulipoandika kuhusu skafu, nikajua. Ulishona gunia kwa uzi mwekundu, mimi nikafungua la uzi mweupe. Kati ya mikono yako na yangu kulikuwa na baiskeli moja. Usiweke dole gumba popote mpaka ujiulize ile baiskeli ilisimama wapi njiani.

Mjukuu wako,
Qiuyan

*

Huangzhuang
Siku ya tano ya mwezi wa kwanza, mwaka wa Ng'ombe

Qiuyan,

Geng alifika na koti lake kama godoro. Akanivuta nyuma ya zizi, akaanza kufumua pindo kwa meno. "Nimeapa nikupe wewe tu," akasema. "Hata ningekukuta umekufa, ningekuwekea jenezani."

"Ungenisomea?"

"Mimi? Huko ungesoma mwenyewe, una muda."

Nikasoma nimesimama. Kisha nikaingia ndani nikasonga unga wa sikukuu. Sikulia. Baba yako alikuja akasema, "Mama, mbona unaupiga unga hivyo?" Nikamwambia unga wa mwaka huu ni mkaidi.

Nilikuwa sijaamini, elewa hivyo. Mtu haamini jambo kama hilo kwa karatasi. Nilimtazama mwanangu akila. Alikula vizuri, akaniwekea kipande cha samaki chenye minofu, akanitolea miiba. Nikasema moyoni, Qiuyan anaongopa tena, safari hii anamtia baba yake. Siku mbili nilikaa hivyo, sijui nimchukie nani.

Siku ya tatu Bwana Shang akaja. Viatu vinang'aa, karatasi kwenye mfuko wa ngozi, kidau cha wino mwekundu. Na zawadi! Sanduku lenye kitambaa cha manjano ndani, mfano wa jeneza la sungura. Akaliweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Bibi, onja hiki. Hiki ndicho kiboko ya wilaya nzima, cha mavuno ya mwaka juzi, kimekauka sawasawa. Huwa nawapelekea wakubwa tu."

Nikafungua. Nikachukua fimbo moja, nikapitisha ukucha.

Mstari.

Nikachukua ya pili. Ya tatu. Geng alikuwa pembeni anapasua mbegu za alizeti, akaacha kupasua. Mtu yule alikuwa ameniletea zawadi viazi vyangu mwenyewe, Qiuyan. Nilivyovikwangua nimelala ubavu. Na hakujua hata kidogo. Alikuwa anatabasamu.

"Baotang," nikasema, "njoo unisomee hii."

"Nisome nini, Mama? Hakuna herufi hapo."

"Zipo. Za baba yako. Pitisha ukucha."

Akapitisha. Alianza kuwa mwekundu masikioni, wekundu ukashuka mpaka shingoni.

Bwana Shang akaingiwa na wasiwasi. "Vipi, Bibi, zina kasoro?"

"Hazina," nikamwambia. "Hapo ndipo penye ubaya."

Baba yako akaanza kusema vigae. Mama, vigae, Mama, mvua, Mama, mgongo wako. Vigae! Nimelala chini ya vigae vile nikawa nawaambia majirani, jamani, Baotang wangu amekuwa mtu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu hakikujificha hata nguoni, kilikuwa mezani pangu, kinakula uji wangu na kunitolea miiba ya samaki. Mgeni akikuibia unafunga mlango. Huyu nimfungie mlango gani, na chumba chake ndicho nilichomzalia?

Bwana Shang akasukuma ile karatasi mbele, maana watu wa biashara hawajui kusoma nyuso. "Basi, Bibi, tumalize, dole gumba hapa."

Dole nilikuwa nimeshalichovya kwenye wino kabla sijafungua sanduku. Sikutaka wino upotee. Nikamwita baba yako ainame, akainama, nikamwekea katikati ya paji la uso. Geng akasema, "Sasa huyo amekodishwa!" Bwana Shang akakusanya vitu vyake haraka. Sanduku nikamzuia. Nikamwambia zawadi hairudi.

Baba yako hakufuta. Ametembea na alama ile mpaka imefifia yenyewe. Sijui ni toba au ni ukaidi, sijamuuliza. Hatujasemezana. Namwekea chakula, anakula, anaosha bakuli lake. Jana nilimkuta amesimama pale ulipo ubao wa babu yako, anaupapasa ule ufa kwa kidole. Nikapita.

Sasa nakuja kwako, usidhani umepona.

Baba yako ameiba viazi. Wewe uliniona mimi, Niu Cui'e, nanunua takataka kwa mtu na kuishona kwenye gunia, na picha hiyo ukaikubali, ukailisha, ukaifunika kwa mkono ili watu wasiione. Ukaosha vyombo kwa ajili yake. Eti unanisitiri! Nani alikuomba? Ungenitukana, ungeniandikia "Bibi, umeoza?", ningekujibu siku ile ile na mambo yangeisha. Upole wako umeniuma kuliko wizi wake. Yeye alijua mimi ni nani akaniibia. Wewe ulisahau mimi ni nani ukanihurumia.

Na mimi niliamini mabaya juu yako. Naam. Hapo tumelingana, na sitaki kulisikia tena mdomoni mwako.

Shamba halijakodishwa. Vichwa vya mbegu nimevifukia mchangani shimoni, nilivigusa leo, ni vizima, havijapigwa na baridi. Udongo ukilegea tu mtaro lazima uchimbwe, na atakayechimba ni Baotang, kwa sepetu ile ile anayopenda kuegemea. Wewe utapanda nyuma yake. Mimi nitakaa ukingoni kwenye kigoda na kuwatukana wote wawili. Geng amesema naye atakuja na mbegu zake za alizeti, uji nampikia kwa fimbo za sanduku la Bwana Shang.

Kwa hiyo fanya hivi. Waage wenye mkahawa kwa adabu. Uchukue ubao wenye jina langu. Kisha uvute lile gunia la makopa kutoka chini ya kitanda ulilete lote, usimpe nguruwe wa mtu, usipunguze hata kipande. Yatatwangwa hapa, na baba yako atayanywa uji kila asubuhi mezani pangu, mimi nikimtazama, mpaka nione kitako cha gunia. Akikutana na uzi asiuteme.

Ndani ya bahasha kuna uzi mwekundu. Ni wa mwisho, skafu imekwisha. Ulishone hilo gunia kwa mkono wako, fundo la mwisho ulikate kwa meno kama nilivyokufundisha, upande nalo treni, ulikalie. Mtu akikuambia "nikusaidie kubeba," mkatalie, hata akiwa baba yako amekuja kukupokea stesheni.

Niu Cui'e